Tenki la dizeli nimelitengeneza mwenyewe, gari linazima kila nikipanda mlima, msaada wadau

Mwana_wa_Kitangari:
Habari za jioni wadau, Mtwara kuchele. Naleta hili naomba msaada wa wenye uzoefu maana nahangaika nalo wiki ya tatu sasa. Nina gari la shamba nimeliunda mimi na mdogo wangu, chasisi ni chaneli, giaboksi na difu za pikapu ya zamani iliyokuwa imeoza bodi, injini ni ile dizeli ya pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono) ya silinda moja, hospawa 12, ya kuwasha kwa hendeli. Halina betri kabisa. Msimu wa korosho linabeba magunia kutoka shamba mpaka ghalani, miezi hii ya kiangazi kazi ni maji, nashuka bondeni napakia madumu 25 ya lita 20 napandisha juu. Wanaoijua Newala wanajua maji yako chini na sisi tuko juu.

Tenki la asili linakaa juu ya injini ila ni dogo, unashinda unajaza, afu lilikuwa limeshatoboka. Nikalitoa nikatengeneza la kwangu, urefu sm 50, upana 30, kimo 22, nikalifunga nyuma ya siti ya dereva. Halivuji, nimelikagua mara kumi. Tambarare naenda siku nzima bila shida. Kupanda mlima tenki likiwa limejaa nafika juu. Likifika nusu basi, katikati ya mlima injini inaanza kukohoa inazima. Nafungua nati kwenye pampu ya nozo, ile inayosukuma dizeli kuingia kwenye injini, natoa upepo, nawasha, mita hamsini inazima tena. Juzi nimelala njiani na maji ya watu. Tatizo ni nini wakuu?

Dereva_Masasi:
Pole sana kaka. Hapo angalia filta kwanza, mlima injini inataka mafuta mengi, filta ikiwa imeziba tambarare huoni kitu ila ukiibana na mzigo inakufa.

Mwana_wa_Kitangari:
Filta nimebadili mbili mkuu. Ya kwanza kweli ilikuwa na uchafu, ya pili mpya kabisa, tatizo lile lile.

Baharia_Mikindani:
Kwenye mfuniko wa tenki umeweka tundu la kupumulia? Sisi kwenye boti hii imetusumbua sana. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, kama haiingii tenki linajivuta lenyewe mafuta yanagoma kushuka. Siku likizima fungua mfuniko taratibu usikilize, ukisikia fyuuu hewa inaingia kwa nguvu umeshapata jibu.

Mwana_wa_Kitangari:
Nimeweka mrija wa mm 6 unatokea juu ya tenki, nimeukunja mdomo uangalie chini vumbi lisiingie. Leo limezima nimefungua mfuniko, hakuna fyuuu yoyote. Ila asante baharia.

Chuno_Boy:
Mnajisumbua na mabati, chukua dumu la plastiki lile gumu la lita 30 toboa weka koki maisha yaendelee

MamaKorosho_TDH:
Mdogo wangu dumu kwenye gari linalotikisika? Koki iliyobanwa kwenye plastiki ikishika joto inalegea, na gari hili amesema ni la kubebea maji ya watu wanywe, dizeli ikivuja kwenye madumu nani atakunywa. Mimi niko Tandahimba nafuatilia huu uzi kwa makini kwa sababu na mimi nataka kuundiwa la kwangu, naomba tujibiwe vizuri.

Mwalimu_Nachingwea:
Ndugu wa Kitangari naomba vipimo vitatu kabla watu hawajaendelea kubahatisha. Kwanza, gari likiwa tambarare, kitako cha tenki kiko juu ya pampu ya nozo kwa sm ngapi. Pili, kutoka katikati ya tenki mpaka kwenye pampu kwa mlalo ni umbali gani. Tatu nenda pale linapozimikia, chukua ubao wa mita 1 uweke sawasawa kwa pimamaji, ncha moja iguse ardhi upande wa juu wa mlima, afu pima ncha ya pili imeachana na ardhi kwa sm ngapi. Na mdomo wa kutolea mafuta kwenye tenki uko mbele au nyuma?

Mwana_wa_Kitangari:
Mwalimu nimerudi na majibu. Kitako kiko juu ya pampu sm 28. Umbali mita 1 na sm 60, maana injini iko mbele kabisa na tenki liko nyuma ya siti. Ubao umeachana na ardhi sm 19. Mdomo uko mbele, chini kabisa. Sina pampu ya kuvuta, mafuta yanashuka yenyewe kama yalivyokuwa yanashuka tenki la asili.

Mwalimu_Nachingwea:
Basi tatizo hili hapa, na hata tenki lingetengenezwa kiwandani ungelipata hivyo hivyo kwa mahali ulipoliweka.

Injini yako mafuta yanaifikia kwa kushuka tu, hakuna kinachoyavuta. Tambarare tenki liko juu ya pampu kwa sm 28, yanashuka vizuri. Sasa gari likipanda pua inanyanyuka, injini iko kwenye pua, tenki liko nyuma linabaki chini. Mlima wako unapanda sm 19 kila mita. Zidisha na mita 1.6 unapata kama sm 30. Maana yake pale mlimani kitako cha tenki kimeshuka kikawa CHINI ya pampu kwa sm 2. Likiwa limejaa una sm 22 za mafuta juu ya kitako, toa hizo 2 zinabaki 20, yanashuka. Likiwa nusu una 11, zinabaki 9, na hapo hapo kuna filta inataka yapite kwa nguvu kidogo na injini imebanwa inakunywa kuliko kawaida. Sm 9 hazitoshi, inakohoa, pampu inapata upepo. Likiwa robo mafuta hayaji kabisa.

Afu la pili. Umelilaza kwa urefu wa gari, sm 50 mbele kwenda nyuma, mdomo ukiwa mbele. Ukipanda mafuta yanakimbilia nyuma, mbele yanapungua karibu sm 5 kuliko katikati. Kwa hiyo hata ungelinyanyua tenki, likifika robo mdomo wako unaanza kunusa hewa.

Injini ya petroli ikikosa mafuta ukimwagia tu inawaka, ila dizeli ikishaingiza upepo mpaka uutoe, ndo maana unalala njiani.

Mwana_wa_Kitangari:
Mwalimu Mungu akubariki. Nimesoma mara tatu, nikaenda na mpira wa maji pale kwenye gari nikanyanyua pua kwa jeki nikaona kwa macho yangu maji yanasimama. Wiki tatu nabadili filta. Sasa nifanyeje, niweke pampu ya umeme?

Dereva_Masasi:
Pampu ya umeme ya voti 12 itakutaka betri, betri itakutaka chaja, na siku betri imekufa gari halisogei. Kwa gari la hendeli mi nisingeweka. Malori mengine ya kuundwa nimeona wanafanya matenki mawili, kubwa chini na kadogo ka lita 4 au 5 juu ya injini, unapandisha kwa pampu ya mkono asubuhi.

Mwalimu_Nachingwea:
Hiyo ya Dereva inafanya kazi. Ila ukiweza lisogeze tu. Injini hii ikibanwa kabisa siku nzima inakunywa kama lita 2 na nusu kwa saa, na wewe nusu ya muda unashuka mtupu, kwa hiyo lita 15 kwa siku zinakutosha. Tenki lako ni 50 × 30 × 22, ni sm za ujazo 33,000, yaani lita 33. Usijaze mpaka mdomoni, acha nafasi dizeli itanuke juani, weka lita 31. Hizo zina uzito wa kilo 26 hivi, bati la mm 1.5 kwa tenki kama hilo ni karibu kilo 8. Kilo 34 unaweza kuzibeba kwenye breketi mbele ya dereva, nyuma ya injini. Ukilileta mpaka sm 60 kutoka kwenye pampu, na kitako ukakinyanyua kiwe sm 35 juu yake, kwenye mlima wako utapoteza sm 11 tu, zinabaki 24 hata tenki likiwa linaisha. Na ligeuze, ule urefu wa sm 50 ukae kulia kwenda kushoto, kwa mbele na nyuma zibaki 30. Mdomo uwe upande wa nyuma.

MamaKorosho_TDH:
Mwalimu na akishuka mlima je? Si mafuta yatakimbilia mbele mdomo ubaki mkavu nyuma?

Mwalimu_Nachingwea:
Swali zuri sana dada. Akishuka tenki linakuwa juu zaidi ya pampu na injini haina kazi, inakunywa kidogo. Ila ni kweli likiwa na lita chache mdomo unaweza kukauka. Dawa yake ni kisima, yaani chini ya tenki upande wa nyuma unachomelea kikombe cha sm 8 kwa 8, kina cha sm 3, mdomo unachukulia humo. Mafuta yaliyoingia kwenye kisima hayakimbii haraka.

Mwana_wa_Kitangari:
Sawa nimeelewa. Kesho nalitoa hili nakata upande mmoja nachomelea kisima, narudisha.

Mzee_wa_Gesi_Majengo:
Kijana SIMAMA. Usiguse hilo tenki na moto.

Nimechomelea miaka 31 hapa Mtwara mjini, kabla ya hapo nilikuwa gereji moja sitaitaja. Pale tulikuwa na mwenzetu, alipewa pipa la dizeli limekaa tupu mwaka mzima, limekauka, ukinusa husikii kitu. Akasema dizeli haina neno, petroli ndo mbaya. Akaweka rodi. Mfuniko wa pipa uling'oka ukapita usoni kwake, jicho moja halipo mpaka leo, na alipona kwa sababu alikuwa amesimama upande. Mimi ndo nilimbeba.

Nisikilizeni na wengine mnaosoma. Tenki tupu ndo la kuogopa, lililojaa lina afadhali. Mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa kwa kiasi kidogo tu, kuanzia asilimia 1 na nusu hivi mpaka 7 na kitu, ndo unalipuka, na huo ndo mchanganyiko unaoukuta kwenye tenki lililomwagwa. Dizeli kwa baridi haitoi mvuke wa kutosha, lakini wewe unaiwekea moto, bati linachemka, ile dizeli iliyojificha kwenye mikunjo na kutu inageuka mvuke humo ndani wakati cheche yako iko hapo hapo. Na mvuke huu mzito, unatambaa chini, unaweza kufuata jiko la mama lishe mita kadhaa ukarudi na moto. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu Morogoro lori la petroli lilipinduka tukapoteza watu zaidi ya 100. Mafuta hayazoeleki.

Bati jipya la kutosha tenki lako haliwezi kukushinda, ukijumlisha pande zote ni chini ya mita moja ya mraba. Nunua kipande, tengeneza jipya. Hilo la zamani liweke la akiba nyumbani.

Mwana_wa_Kitangari:
Shikamoo mzee wangu. Asante sana, nilikuwa nishaandaa grenda. Naacha. Naomba unielekeze basi jipya nilifanyeje.

Mzee_wa_Gesi_Majengo:
Marahaba mwanangu. Chukua bati jeusi la mm 1.5, geji 16. Usichukue lile la mabati meupe ya kuezekea, ile nyeupe ni zinki, dizeli inaila taratibu inatengeneza kitu kama sabuni, inaenda kuziba filta na nozo. Hiyo filta yako ya kwanza iliyokuwa na uchafu, hebu niambie tenki la sasa ni bati gani?

Mwana_wa_Kitangari:
Mzee ni jeupe. Lilibaki kwenye kuezeka ghala, nilitafuta lile nene.

Mzee_wa_Gesi_Majengo:
Basi nalo hata kwa akiba lisikae na dizeli muda mrefu. Na mrija wa shaba kwa dizeli usiweke pia, shaba inaiharibu dizeli mapema. Tumia mrija wa chuma na mpira wenyewe wa mafuta. Mpira wa maji ule unaong'aa utakuwa mgumu kama fimbo utapasuka.

Kazi sasa. Usikate vipande sita ukavichomelea pembe zote kumi na mbili, kila pembe ni mahali pa kuvuja. Peleka bati kwa wenye mashine ya kukunjia, likunjwe mwili mzima kwa kipande kimoja, unabaki na mshono mmoja wa urefu na vifuniko viwili vya pembeni. Vifuniko uvikunje midomo ya sm 1 na nusu. Kabla ya kufunga kifuniko cha mwisho weka ukuta wa kati, unagawa tenki vyumba viwili vya sm 25, maana limelala kulia na kushoto na barabara zetu za mchanga zinarusha gari pembeni, mafuta yakipiga ukuta wa tenki siku nzima mshono unachoka. Ukuta ukate pembe zake zote nne, za chini mafuta yapite za juu hewa ipite. Watu wanasahau za juu, unakuta chumba kimoja kinajaa kingine kimefunga hewa.

Vipande vyote vya kuchomelea, kisima, mdomo wa kujazia, nati ya floti ya geji kama utaweka, kipumulio, mrija wa kurudishia mafuta ya nozo, vyote vimalize bati likiwa jipya halijaona mafuta. Chini ya kisima weka nati ya kumwagia maji. Ukanda wetu huu wa pwani usiku hewa ina unyevu, tenki likilala nusu tupu linatoa jasho ndani, maji yanazama chini. Kila Jumamosi unafungua kidogo. Na mrija wa kuchukulia mafuta unyanyuke sm 1 kutoka kitako cha kisima, ile sm 1 ni ya maji na taka.

Kwa bati hilo gesi ni nzuri kuliko umeme. Kama ni umeme basi rodi nyembamba, moto mdogo, unachomelea sm 3 unaruka unaenda upande mwingine, ukienda mfululizo litajikunja kama chapati. Ndani usipake rangi, dizeli inaibambua inaipeleka kwenye nozo. Nje rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, chumvi ya huku haisamehi bati.

Baharia_Mikindani:
Naongezea, nyuzi za bolti msiweke silikoni ya kawaida ya madirisha, mafuta yanaifanya uji. Na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba vipande vyake vinakatika vinaingia kwenye mrija. Washa nzuri ya shaba nyembamba au ya fibre inatosha.

Chuno_Boy:
Mzee kasema shaba haitakiwi baharia

Mzee_wa_Gesi_Majengo:
Washa moja haina neno, nimesema mrija, kule dizeli inapita muda wote. Lakini ukipata ya aluminiamu weka hiyo.

(siku tisa baadae)

Mwana_wa_Kitangari:
Wadau nimerudi. Tenki jipya limekamilika, nilienda Masasi kukunjisha, nikachomelea kwa gesi. Sasa nataka kulipima kama linavuja, jirani ana kompresa ya kujazia matairi, nilijaze upepo kiasi gani?

Mwalimu_Nachingwea:
Kompresa acha kabisa!! Tenki la mafuta halina umbo la tairi, lina kuta bapa. Kitako chako ni 50 kwa 30, sm za mraba 1,500. Presha ya baa 1 tu, ambayo kwenye tairi ni kama halina upepo, inasukuma hicho kitako kwa uzito wa kilo 1,500. Tani moja na nusu kwenye bati la mm 1.5. Litavimba kama puto, mishono itafunguka na kipande kinaweza kuruka.

Tumia pampu ya baiskeli na mpira unaoonesha ndani. Ziba matundu yote, mpira uunganishe kwenye kipumulio, ukunje kama herufi U upande wa chini, mimina maji humo. Ukisukuma pampu maji upande mmoja yanashuka mwingine yanapanda. Tofauti ikifika nusu mita acha, hiyo ni presha ndogo sana, kitako kinabeba kama kilo 75, linavumilia. Paka povu la sabuni mishono yote. Afu liache saa moja, liwe kivulini maana jua litakudanganya, maji yakishuka kuna mahali. Uzuri wa mpira huo ukizidisha pampu maji yanaruka nje yenyewe, tenki linapona.

Mwana_wa_Kitangari:
Nimefanya jioni hii. Povu limetokea sehemu mbili, kwenye kona ya kifuniko na chini ya kisima. Bado halijaona mafuta kwa hiyo nimerudia gesi, nimepima tena, saa nzima maji hayajasogea hata kidole.

Mzee_wa_Gesi_Majengo:
Vizuri sana. Kufunga usilichomelee kwenye chasisi, chasisi inajipinda barabarani tenki litachanika. Kalishe kwenye breketi juu ya vipande vya tairi, lifunge kwa mikanda miwili ya flati bari nayo iwe na raba chini. Ekzosi iko upande gani?

Mwana_wa_Kitangari:
Ekzosi iko kulia, nimeihamisha mdomo ukaangalia mbele. Na kati ya injini na tenki nimesimamisha bati la kuzuia joto, nimeacha uwazi wa sm 5 upepo upite. Koki ya kufungia mafuta nimeiweka mkono wangu unapofika nikiwa nimekaa.

(siku nne baadae)

Mwana_wa_Kitangari:
Leo nimeshuka bondeni tenki likiwa na lita 8 makusudi. Nimepakia madumu yote 25. Mdogo wangu alitembea pembeni na jiwe la kuwekea tairi. Pale pale linapozimikia siku zote nikawa nimeshika hendeli mkononi kabisa. Halijakohoa. Limepanda gia ya kwanza mpaka juu, nikapiga honi ya mdomo, mama yangu katoka nje. Safari ya pili, ya tatu, mpaka lita 3 za mwisho. Mwalimu, mzee, baharia, Dereva, dada wa Tandahimba, nawashukuru kutoka moyoni.

Dereva_Masasi:
Safi sana kaka. Kuhusu filta nilikosea, nimejifunza.

MamaKorosho_TDH:
Hongera sana mdogo wangu. Sasa geji hujaweka, unajuaje yamebaki mangapi?

Mwana_wa_Kitangari:
Nimechonga kijiti cha mninga dada. Nilimimina lita 5 gari likiwa tambarare, nikachovya, nikaweka alama kwa msumeno, nikaongeza 5 nyingine hivyo hivyo mpaka 30. Alama hazilingani, ya kwanza iko juu kidogo kwa sababu ya kisima.

MamaKorosho_TDH:
Ya kwanza si ingekuwa chini? Kisima kinameza kwanza.

Mwana_wa_Kitangari:
Kijiti hakifiki kwenye kisima dada, mdomo wa kujazia uko upande wa pili, kinagota kwenye kitako. Ngoja nikaangalie tena kesho asubuhi nikuletee jibu sahihi.

Mwana_wa_Kitangari:
Uko sahihi dada. Kutoka kitakoni mpaka alama ya lita 5 ni sm 3.2, zinazofuata zote zimeachana sm 3.3. Kisima kimeficha ile tofauti, ni karibu glasi moja ya mafuta. Njoo Kitangari siku ya mnada tulipime la kwako, ila kwanza pima mlima wa kwako kwa ubao.